Maziwa Ambayo Mama Mkwe Hakuyatubu

Ugonjwa wa mama mkwe wangu ulianzia kooni. Kwanza ugali ulikataa kushuka, akasema ni uzee. Ukafuata uji. Mwishowe hata mate yake mwenyewe yakawa yanarudi, na akawa anakaa na kopo la kutemea kando ya kitanda. Hospitalini walimpima, wakakata kipande kidogo wakakipeleka maabara, kisha wakatuita kando mimi na mume wangu wakatuambia ni saratani na imekaa mahali pabaya. Upande wetu huu wa Eldoret ugonjwa huo si mgeni. Ukizunguka maboma ya jirani utaambiwa habari za mtu aliyefungwa na koo. Kwa hivyo siwezi kusema aliupata kwa sababu ya jambo fulani. Ni yeye mwenyewe aliyesema hivyo.

Siku tuliyomrudisha nyumbani alinishika mkono akaniambia, "Imeanza."

"Nini imeanza, Mama?"

"Ile kiu."

Sikumuuliza kiu gani. Sote tulikuwa tumehubiriwa kuhusu yule tajiri aliyekuwa motoni akiomba mtu achovye ncha ya kidole kwenye maji amguse ulimi. Na nesi alikuwa amenifundisha kuchovya pamba kwenye maji safi na kumpaka Mama midomo, kwa sababu kunywa hawezi. Kila nilipofanya hivyo alifumba macho na mabega yakapanda, kama mtu anayengojea kupigwa. Mimi nilikuwa namsaidia, na yeye alikuwa anaona kule anakokwenda.

Nayaandika haya kwa woga. Shule niliishia darasa la saba, na mambo ya jehanamu yana wenyewe waliosomea. Nikikosea mahali, anayejua anisahihishe kwa upole. Nitaeleza tu vile nilifundishwa.

Nimefundishwa mara mbili. Kwetu ni upande wa ziwa, kule milimani kwenye migomba, na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Yeye alitufundisha kwamba aliyekufa amelala, hajui kitu, hajaenda juu wala chini, mpaka siku ya hukumu atakapoamshwa pamoja na wengine wote. Baadaye moto utakuja, uwateketeze waovu kama mabua baada ya mavuno, na ukimaliza umemaliza. Nilipoolewa huku nikamfuata mume wangu kanisa la Jumapili, na hapo Pasta alitufundisha kwamba mtu akikata roho anafikia pale pale anapostahili, na ya kwamba moto ule hauzimiki, na wanaoingia hawafi. Nimewasikiliza wote wawili. Baba hakuwa mtu wa kulegeza maneno ya Mungu. Pasta naye si mtu wa kufurahia wengine waungue. Nimemwona akilia akihubiri. Sikugombana na yeyote. Kwa kuwa hakukuwa na mtu ninayemjua anayekwenda huko, mioto yote miwili ilikaa kichwani mwangu bila kusumbuana.

Halafu ukaja ule uchaguzi uliogeuka kuwa vita.

Boma letu liko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Kesses. Baada ya matokeo kutangazwa, vijana walianza kufukuza jamii moja, na baada ya muda mfupi tukasikia kwamba na watu wa kwetu, wa upande wa ziwa, pia wanatafutwa. Mume wangu ni mwenyeji wa hapa lakini hakuwa nyumbani. Alikuwa turniboi, msaidizi wa dereva wa lori, na lori lilikwama huko ng'ambo ya Timboroa kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe na miti. Nyumbani tulikuwa mimi na Mama tu, na mimi nilikuwa na mimba kubwa ya msichana wetu wa kwanza.

Mama aliniingiza stoo, akanipanga nyuma ya magunia ya mahindi, akanifunika na mengine matupu. Vumbi la mahindi lilinijaa puani na nikawa naomba Mungu nisipige chafya. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu yote.

Vijana wakafika langoni mchana, jua likiwa kali. Niliwasikia wengi. Mama akawatokea. Wakati huo tayari nilikuwa naelewa lugha yao vizuri, kwa hivyo ninachoandika ndicho walichosema, ingawa nakiandika kwa Kiswahili.

"Mama, hujambo. Uko na mgeni ndani?"

"Mgeni gani? Wageni ni nyinyi, mnasimama kwa lango kama watu wa kodi."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Tumetembea sana, Mama."

"Naona. Ngojeni nilete maziwa. Kijana hatoki kwangu na njaa."

Kwa wasiojua, maziwa aliyosema ni mursik, maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa na mkaa wa mti maalum. Hapa kwetu ni zaidi ya chakula. Niliambiwa nilipoolewa kwamba kijana akinywa maziwa ya boma, hawezi tena kuingia boma hilo kwa nguvu. Sijui kama ni sheria au ni heshima tu. Lakini niliambiwa pia kwamba maziwa hayo hayo ndiyo mama huwapa wanaoondoka kwenda kazi ngumu, ili waende na baraka zake. Sikuwahi kuwaza kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukutana kwenye kikombe kimoja.

Niliwasikia wakipokezana kikombe. Nilisikia mtu akijifuta mdomo. Mwingine akatania kwamba kibuyu cha Mama bado ni kile kitamu cha harusi ya mtoto wake, na harusi hiyo ilikuwa yangu. Hakuna aliyeingia. Kisha nikasikia sauti ikisema, "Haya, Mama ametubariki. Twende." Wakaondoka wakiimba.

Mama hakuwaita. Alisimama pale langoni, sijui kwa muda gani, kwa sababu mimi sikumwona. Baadaye nilisikia harufu ya moshi.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mzee wa ile jamii iliyofukuzwa kwanza. Alikuwa fundi wa redio mpaka alipopooza miguu. Watoto wake walikimbia kwa njia tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake amembeba baba yao. Walipokutana kwenye kituo cha polisi ndipo waliulizana. Nyumba ile ilikuwa imekwisha kuungua, naye ndani. Ni nani aliyewasha, siwezi kusema. Inawezekana ni wale waliokunywa kwetu, inawezekana ni kundi lingine, kwa maana yalikuwa mengi siku hiyo. Mama hakuwa na mashaka. Alikuwa amewaona wakivuka barabara.

Alikuja akafungua stoo, akaniambia, "Toka ukule." Hatukuzungumza juu ya jambo hilo tena kwa miaka.

Kulipotulia tulirudi kanisani. Viti vingi vilikuwa wazi. Wahubiri wengi wakati huo walikuwa wanazunguka mambo, wanahubiri amani kwa ujumla, kama vile vita vilikuwa mvua iliyokuja ikaenda. Pasta wetu hakuzunguka. Lazima niseme hilo, kwa sababu ilihitaji ujasiri, na wazazi wa wale vijana walikuwa wameketi mbele yake. Alisema, kama aliyempa mdogo kikombe cha maji hatakosa thawabu yake, basi na aliyempa muuaji kikombe cha maziwa akiwa njiani hatakosa mshahara wake. Akataja ziwa la moto.

Mama alikuwa kando yangu akijipepea na leso. Leso ikasimama.

Kuanzia siku hiyo hakushiriki Meza ya Bwana. Sinia ikifika kwake aliipokea na kumpitishia anayefuata, kwa utulivu, na tabasamu, kama mama wa nyumbani anayehudumia wageni. Hakuna aliyegundua. Ni mimi tu niliyeketi karibu naye, na nilinyamaza. Nilidhani ni huzuni na itapita. Msichana wetu alizaliwa, akatembea, akaanza shule, akafika sekondari, na Mama bado anapitisha sinia.

Sasa alikuwa kitandani na kiu imeanza. Alikataza moto wa kuni kwenye jiko lililo karibu na chumba chake. Huku kwetu ni baridi, mtu mzima hukaa karibu na jiko mpaka magoti yapate moto, lakini yeye alisema ule mlio wa kuni unamsemesha. Tukahamishia kupika nyumba ya pili. Alijifunika mablanketi akitetemeka.

Kitu nilichotaka kilikuwa kimoja. Nilijua hataishi. Nilitaka tu asife akiwa ameogopa hivyo.

Nikaanza na baba yangu. Siku moja nikimbadilisha shuka nikamwambia vile Sabato wanafundisha, kwamba moto huo una mwisho.

Akanitazama, macho yakacheka kidogo. Sauti yake ilikuwa imebaki kama upepo. "Nyinyi watu wa Sabato. Mnazima jiko Ijumaa jioni, sasa mnataka na Mungu azime yake."

Nikacheka. Nilikuwa sijamsikia akitania kwa wiki nyingi.

Halafu akasema, "Hata kama unaisha, si lazima uingie kwanza?"

Ni kweli Baba hakuwahi kusema ni muda gani. Nilimaliza kutandika nikatoka nje nikasimama nyuma ya nyumba. Mpaka hapo nilikuwa nafikiria moto ule kama somo. Siku hiyo niliufikiria kama mahali, penye mlango, na mtu ninayemjua amesimama hapo na blanketi lake.

Nikamwendea Pasta. Nilimweleza kwamba Mama anaogopa jehanamu, nikamwomba akija aseme maneno laini. Alikubali kuja, lakini aliniambia waziwazi, "Dada, kuombea nitaombea. Kubadilisha Neno siwezi." Nilimheshimu kwa hilo, ingawa niliondoka nimevunjika moyo.

Alikuja asubuhi, akavuta kiti karibu na kitanda, mume wangu amesimama mlangoni na mimi nimeketi miguuni pa Mama. Mama alimweleza kila kitu. Lango, vijana, maziwa, maneno waliyoondoka nayo. Kisha akamkumbusha mahubiri.

Pasta akashtuka. "Mama, ni mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema. Ulikuwa umevaa koti ya kijivu."

Alianza kucheka, akaacha. Alikuwa hakumbuki. Nilimwona akitafuta kichwani na kukosa. Mama alikuwa ameishi na maneno yale miaka yote hiyo, na mwenyewe aliyasema Jumapili moja akaenda kula chakula cha mchana. Simlaumu. Mtu anayesema kila wiki hawezi kukumbuka yote. Lakini nilimwona ameogopa, na mimi kumwona Pasta akiogopa kulinifanya niogope zaidi.

Akajikaza, akamwambia kwamba hakuna dhambi isiyosafishika, atubu tu, na watamaliza hapo hapo.

"Kutubu ni nini?" Mama akauliza.

"Unajua, Mama. Ni kugeuka. Ni kusema, nikirudishwa pale pale, sitafanya tena."

"Basi nirudishe."

"Vipi?"

"Nirudishe pale lango. Wako hapo. Wako na panga. Huyu yuko stoo, na tumbo iko hapa." Aliinua mkono kuonyesha, ukaanguka. "Sasa niambie, Pasta. Nisiwape? Nikikataa, si wataingia?"

Pasta akasema polepole kwamba pengine angewaambia neno la Mungu, waogope.

"Wewe ungekuwa hapo ungewaambia?"

"Nilikuwa nimejificha, Mama," akasema. "Mimi pia nilikuwa nimejificha."

"Haya."

Akajaribu tena. Akamwambia atubu yale waliyofanya vijana mbele ya safari.

"Hiyo si yangu. Hiyo iko na wenyewe. Yangu ni maziwa, na vile nilisikia wakisema nimewabariki nikanyamaza. Nilisikia, Pasta. Ningewaita niwaambie hapana, hiyo si baraka. Lakini ningewaita, wangerudi." Akapumzika, akatemea kwenye kopo, nikampangusa. "Nikitubu hiyo maziwa, nimetubu huyu. Nimesema afadhali wangemtoa. Hiyo siwezi kusema. Na isiposemwa, si wewe mwenyewe umefundisha mahali mtu anaenda?"

Hapo ndipo nilipojua. Miaka ile yote nilidhani anaogopa kwa sababu ya yule mzee aliyeungua, na ni kweli alimhuzunikia na kumwombea kila asubuhi kwa jina. Lakini kilichomzuia kutubu ni mimi. Alikuwa anakwenda huko kwa macho yake, na angeweza kujitoa kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe ilikuwa mimi na mtoto aliyekuwa tumboni, ambaye wakati huo tulikuwa tukimsikia akisonga ugali nyumba ya pili na kuimba nyimbo zake za redio.

Nikapiga magoti. "Mama, tubu. Sema tu. Mimi sitakasirika. Nimekubali."

"Nyamaza."

"Ni maneno tu, Mama."

"Kwa Mungu kuna maneno tu?" akaniuliza. Alikuwa amekasirika kweli. "Pasta, mwambie. Kuna maneno tu?"

Pasta akatikisa kichwa kwamba hakuna. Aliomba, sala ndefu, na mara mbili ilimkwama katikati. Akitoka nilimsindikiza mpaka langoni, lango lile lile, na aliposhika komeo akautoa mkono haraka kama limemchoma.

Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo hata leo sijui kama lilikuwa sawa. Binti wa yule mzee fundi wa redio hakurudi kwenye uwanja wao. Alihamia Timboroa, anauza viazi na kabeji kando ya barabara. Niliamka nikaenda. Nilijiambia kwamba kama yeye atamsamehe Mama, pengine Mungu atapata pa kuanzia.

Nilimkuta amejifunga shuka mabegani, ukungu umeshuka mpaka kwenye viazi. Alinitambua mara moja.

"Jirani! Umepotea. Umekuja kununua ama umekuja kuona kama bado niko?"

"Nimekuja kukuona, dada."

Akanipa debe nikalie. Nikamweleza Mama ni mgonjwa, akasikitika kweli, akasema Mama alikuwa akiwapa maziwa wakiwa wadogo. Hapo ulimi wangu ukawa mzito. Lakini nilikuwa nimefika. Nikamweleza yote.

Hakulia. Alipanga viazi vyake upya, vile vikubwa juu, vidogo chini. Akauliza, "Na wewe ulikuwa huko ndani ukisikia?"

"Nilikuwa."

"Ndio maana uko hai."

Hakusema kwa ubaya. Lakini sijawahi kusikia maneno yaliyonitia baridi kama hayo.

"Sasa unataka niseme nini?" akaniuliza. "Niseme hakuna jehanamu? Mimi nilitaka iwe. Kuna miaka nilikuwa naomba iwe kubwa, itoshe watu wote wa ile barabara. Siku hizi nimechoka, hata sijui nataka nini. Na hii maziwa sikuwa najua. Umekuja kuniongezea."

"Nisamehe."

"Wewe nikusamehe nini? Ulikuwa kwa stoo." Mteja akaja, akamhudumia, akamtania kuhusu bei, akarudi akaketi. "Mwambie hivi. Mimi sijamtuma huko. Lakini pia sijamtoa. Sina hiyo uwezo, na sitaki kudanganya mgonjwa."

Alinifungia kabeji nipeleke nyumbani. Nilirudi nayo magotini nikijilaumu, kwa kuwa nilienda kutafuta nafuu ya mtu mmoja nikamwachia mwingine jeraha. Hilo mpaka leo naliona ni kosa, ingawa mume wangu anasema binti ana haki ya kujua baba yake alikufaje. Labda sote wawili tuko sahihi kidogo.

Njiani niliwaza nimwambie Mama nusu ya kwanza tu. Ingekuwa rahisi. Lakini aliponitazama nikamwambia zote mbili, vile zilivyosemwa.

"Alisema hivyo? Hajanitoa?"

"Ndiyo, Mama."

Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida. "Amesema vizuri," akasema. "Huyo hajanidanganya."

Nilidhani woga umemtoka. Haukumtoka. Siku zilizofuata bado alishtuka nikileta pamba ya maji, na mara moja alinishika kiganja kwa nguvu ambayo sikudhani anayo, akaniuliza kama nasikia kuni zikilia. Hakuna aliyekuwa amewasha kuni. Lakini alikuwa ameacha kutafuta mlango wa kutokea. Alikuwa amekata shauri.

"Nitaenda hivi hivi," aliniambia, siku ya mwisho aliyosema maneno ya kueleweka. Ilikuwa mchana, watoto wa jirani wanacheza nje. "Nitamwambia Mungu nilitoa maziwa. Nitamwambia walienda na baraka yangu na nikanyamaza. Akiniuliza kwa nini, nitamwambia nani alikuwa kwa stoo. Utakuja huko siku yako?"

"Nitakuja, Mama."

"Basi utanitolea ushahidi."

"Nitatoa."

"Useme vile ilikuwa. Usiongeze."

Alikata roho kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimetoka kidogo tu kwenda nyumba ya pili, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kufika na lazima wapewe chai. Mume wangu ndiye aliyenifuata jikoni akaniambia. Pasta alimzika kwa heshima, na ninampa haki yake, hakusema kwamba Mama yuko mbinguni na hakusema kwamba hayuko. Alisema tulimpenda, akashindwa kuendelea, na mzee mmoja wa kanisa akamalizia.

Tangu hapo mioto ile miwili haikai tena kimya kichwani mwangu. Zamani nilikuwa nauliza ni upi unaochoma zaidi. Siku hizi swali langu ni saa ya hukumu tu. Kama baba yangu alikuwa sahihi, Mama amelala, kesi yake haijasomwa, na mimi nitaamshwa pamoja naye nisimame niseme. Kama Pasta ni sahihi, kesi ilisomwa asubuhi ile ile, akaulizwa yuko wapi shahidi wake, na mimi nilikuwa jikoni nikimimina chai.

Namwombea kila siku, ingawa Pasta amenieleza kwa upole kwamba kumwombea aliyekwisha kwenda hakusaidii, na baba yangu angeniambia vivyo hivyo kwa sababu nyingine. Katika hilo peke yake wanakubaliana. Naomba tu kesi yake ingoje. Naomba isisomwe kabla sijafika.